Barua kwa mwanangu anayetaka kuwaimbia wazee wa Uingereza

Kwako mwanangu,

Natumaini barua hii itakukuta salama hapo Nairobi kwa shangazi yako, ukisubiri siku ya safari. Sisi huku Mumias ni wazima. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu, kila ukisikia neno usilolipenda, mtandao hukatika ghafla, na jambo hili sitaki likatike.

Uliponieleza kwamba ukifika Leeds utaendelea kuwapigia gitaa wazee katika makao yao kama ulivyofanya Kisumu, na kwamba yupo Mkenya mwenzako aliyekuahidi kuwa huko wanamuziki hulipwa vizuri, furaha yangu haikudumu. Nilizirudia karatasi za viza ulizoniachia. Viza ya mwanafunzi wa Uingereza inakukataza kujiajiri na inakukataza kufanya kazi ya utumbuizaji, na zile saa 20 kwa wiki unazoruhusiwa wakati wa masomo ni za kazi ya kuajiriwa, si za kutoka na gitaa ukarudi na bahasha. Usiniambie kwamba ni pesa ndogo. Wala usidhani kwamba ukiikataa bahasha umeshakuwa salama, kwa maana huenda hata kupiga bure kuna mpaka wake, na mpaka huo si wangu wala si wa huyo mwenzako kuuweka. Chuo kina watu wa kuwashauri wanafunzi wa kigeni. Waulize kabla hujakaza uzi wa kwanza, na jibu wakupe kwa maandishi.

Siidharau kazi yenyewe. Siku niliyofuatana nawe pale Kisumu nilimwona mzee ambaye mtawa alituambia kwamba amesahau hata majina ya watoto wake. Ulipoingia kwenye omutibo, ule upigaji wa gitaa wa kwetu Waluhya, kidole gumba kikitembea kwenye nyuzi nene na cha shahada kikijibu juu, alichukua kijiko cha uji akaanza kugonga kikombe, tena pale pale ambapo wapigaji wa zamani waligonga chupa ya Fanta. Mzee yule alikuwa kijana wakati George Mukabi, mpiga omutibo, alipokuwa akivuma, kabla hajafariki mwaka 1963, na nyimbo za ujanani ndizo mara nyingi hubaki wakati mengine yameondoka. Nilijivunia wewe, ingawa njiani tukirudi nilizungumzia nauli tu.

Lakini wazee wa Leeds hawana Mukabi. Mwenye miaka 85 leo alikuwa na umri kama wako wakati Beatles wa Liverpool walipotoa santuri yao ya kwanza kwa jina hilo mwaka 1962, kwa hiyo jifunze kwanza nyimbo walizochezea wao, kisha uwaongezee omutibo mmoja au wawili kama kitoweo. Uteremshe sauti ya wimbo wapate kuimba nawe, kwa kuwa noti za juu huwashinda, na usiende mbio.

Na hiyo spika yako! Pale Kisumu yule mama wa mstari wa mbele aliziba masikio kwa viganja vyote viwili, nawe ukamtikisia kichwa ukidhani amekolea. Masikio ya uzeeni huanza kupoteza sauti nyembamba, na ukiongeza kelele huwarudishii kilichopotea, unawaumiza tu. Wanaovaa vifaa vya kusikia hupata taabu zaidi, kwa sababu vifaa hivyo vimetengenezwa hasa kwa ajili ya mazungumzo, na muziki wa spika huwafikia ukiwa umekwaruza. Keti karibu nao, kwenye kiti cha kimo chao, upige gitaa kavu. Ukiwa na kikohozi usiende kabisa, maana homa ya mafua unayoilalia siku mbili wewe yaweza kumuua mzee. Picha zao usizipeleke mtandaoni kwa sababu tu umeona wamefurahi. Wengine hawawezi hata kukupa ruhusa.

Haya yote, hata hivyo, ni ya baada ya kuuliza. Je, umeshaandika? Shangazi yako anasema unashinda ukifanya mazoezi, nami ningefurahi zaidi kusikia kwamba unashinda ukisoma masharti. Tulimuuza yule mtamba ili tiketi itimie, malipo ya miwa bado hayajaingia, na fundi wa paa la jikoni anapita hapa kila Jumamosi kunisalimia kwa upole unaonitia aibu. Viza ikifutwa, hakuna mtamba mwingine. Nyanya yako anasema nisikutishe, kwamba mtu anayewaimbia wazee hafungiwi njia. Nimemjibu kwamba afisa wa uhamiaji hajawahi kukusikia ukipiga.

Mdogo wako ameanza kuligusa gitaa lako la zamani, na nimemruhusu, mradi amalize kwanza kukama. Nyuzi za akiba nimezifunga ndani ya sweta ya kijivu ambayo binamu yako atakuletea pamoja na karanga. Jibu la chuo likifika, lipige picha unitumie kabla hujamwahidi huyo mwenzako chochote, na kama atakuharakisha, mwambie mama yako ndiye anayechelewesha.

Ni mimi,
Mama yako