Barua kwa mwanangu: keki ya bibi yako

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi mno kusikia kwamba keki ya bibi yako utaioka wewe, tena ya tabaka tatu. Basi nisikilize: usianze na unga, anza na saa. Keki inakatwa Jumamosi saa 10 jioni. Hesabu zako zote zirudi nyuma kutoka hapo, kama afanyavyo kamanda akishajua saa ya kushambulia. Saa 8 mchana itoke kwenye friji, maana krimu ya siagi ikiwa baridi huwa ngumu mdomoni. Ijumaa ni ya kupanga tabaka na kupaka krimu. Alhamisi jioni ni ya kuoka tu, usijitwishe kingine. Keki ikilala usiku mmoja imefungwa vizuri kwa plastiki, siku ya pili hukatika bila kumomonyoka ovyo.

Pima kila kitu kwa mizani kabla hujawasha mashine ya kukorogea, kisha uvipange mezani kwa zamu yake. Kikombe hudanganya, unga ulioshindiliwa huzidi uliochotwa kwa wepesi. Siagi ifikie nyuzi 18 hadi 20, yaani kidole kiache alama bila kuzama. Mayai nayo yatoke kwenye friji mapema, la sivyo mchanganyiko wako utakatika mabongemabonge. Trei zipakwe mafuta na kuwekewa karatasi mapema. Hili nalisisitiza kwa sababu baking poda ikishalowa huanza kutoa gesi papo hapo. Ukiiacha ingoje wewe utafute mkasi wa kukatia karatasi, ile gesi inayoinua keki inapotelea kwenye bakuli.

Oveni iwe nyuzi 175, na uweke kipimajoto ndani, kwani namba za kwenye kitufe si za kuaminiwa.

Wakati wa kugawa, wengi hukisia kwa macho. Nakusihi wewe usikisie. Pima bakuli likiwa tupu, lipime tena likiwa na mchanganyiko, utoe uzito wa bakuli, ugawe kwa tatu. Zikiwa gramu 1,500, kila trei ipate 500. Tabaka zilizolingana huiva pamoja na husimama wima.

Zikitoka, zikae ndani ya trei dakika 10, halafu juu ya waya mpaka zipoe kabisa. Usipake krimu kwenye keki yenye hata vuguvugu. Itayeyuka na tabaka zitateleza. Ijumaa sawazisha vichwa vyake kwa kisu cha meno, zipange, upake krimu nyembamba ya kushika makombo, kisha friji dakika 30. Ndipo upake krimu ya mwisho.

Ukimaliza ile krimu nyembamba nipigie simu, mwanangu, hata kama ni usiku. Nataka unionyeshe pembeni mwa keki kabla hujaendelea, tuone kama imesimama wima.

Mama yako