Malalamiko: Picha za Keya Zilizoharibiwa Studioni

Kwa Meneja,
Studio ya Picha,
Mombasa.

KUH: KUHARIBIWA KWA PICHA 21 ZA VITA VYA BAMA

Salamu. Tulileta kwenu picha 21 na ukanda mmoja wa negativu za marehemu babu yetu, keya (askari wa King's African Rifles) wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Bama (Burma, leo Myanmar) mwaka 1944. Stakabadhi yenu inasema kazi ilikuwa "kuskani na kuhifadhi". Hakuna kilichofanyika sawasawa kati ya hayo mawili, na tunaeleza kwa urefu ili fundi wenu asije akasema hakuelewa.

Kubwa ni plastiki. Picha 14 mmezipitisha kwenye mashine ya laminesheni, ile ya vitambulisho. Picha za zama zile ni karatasi iliyopakwa jelatini yenye chembe za fedha. Jelatini ikipata moto hulainika, gundi ya plastiki ikaishika, na ikishapoa haitoki bila kung'oa sura yenyewe. Halafu mmefungia unyevu humo ndani. Hapa Mombasa hewa hupita asilimia 70 ya unyevu siku nyingi, hata karatasi ya kabatini haikauki kabisa, na ukungu huweza kuota unyevu ukivuka asilimia 65 hivi. Tafadhali msijaribu kuzibandua, si kwa pasi wala kwa spiriti. Ziacheni zilivyo.

Picha ya fremu ilikuwa imegandana na kioo, jambo la kawaida huku pwani: msimu wa mvua jelatini hufura, ikikauka hushika kioo. Picha kama hiyo huskaniwa na kioo chake juu, basi. Fundi aliivuta. Bega la kushoto na nusu ya kofia vilibaki kiooni, na kioo chenyewe tulikiokota kwenye pipa lenu la taka.

Kingo zenye menomeno mmezikata ili picha zilingane, kana kwamba ni za pasipoti. Nyuma hamkuskani hata moja, ilhali nyuma ndiko kuliko na penseli: "Kalewa, Des. 44". Bila maneno hayo, picha namba 9 ni ya daraja la chuma tu, popote duniani. Kwa maneno hayo inajulikana ni daraja la Bailey, la vipande vya chuma vya kuunganisha, lililojengwa Kalewa huko Bama kuvuka mto Chindwin mwezi huo. Nyinyi mmegonga muhuri wa studio juu yake, kwa wino ambao tayari umeanza kupenya upande wa mbele.

Faili mlizotupa ni za JPEG, nukta 300 kwa inchi. Picha nyingi ni za sentimita 6 kwa 9. Beji ya kichwa cha kifaru begani, alama ya divisheni yake, ina upana wa milimita 3, yaani pikseli 35 tu kwa kipimo chenu. Kwa nukta 1200 zingekuwa zaidi ya 140, na pembe ingeonekana. Programu yenu ya kupaka rangi ilipokutana na doa hilo ikajibunia: kwenye picha namba 6 kifaru amegeuka ua la waridi. Rangi hatukuziomba. Anayezitaka apakiwe kwenye nakala, faili ya kwanza isiguswe.

Negativu zimerudi zimefungwa kwa mpira, na salfa ya mpira huchafua fedha ya filamu. Ukanda hauna neno SAFETY pembeni, alama ya filamu isiyoshika moto upesi. Filamu ya miaka hiyo isiyo na neno hilo huhesabiwa kuwa ya naitreti, aina ya zamani, mpaka ithibitike vinginevyo, na naitreti hushika moto upesi mno. Yetu mliiweka juu ya mashine ya laminesheni, mashine ikiwa bado ya moto. Hilo ni la usalama wa wafanyakazi wenu kabla halijawa letu.

Tunadai haya. Mturejeshee fedha zote za kazi. Mtupe faili zote za awali, kabla ya kusafishwa na kupakwa rangi, kama hamjazifuta. Picha zote 21 ziskaniwe upya bila malipo, mbele na nyuma, kwa faili za TIFF, zisizopunguza ubora kama JPEG, nukta 1200 kwa zile ndogo na 600 kwa ile ya fremu, pamoja na kioo chenye bega. Tutakuwepo kazi ikifanyika. Picha 7 ambazo hazikutiwa plastiki zifungwe kwa karatasi isiyo na asidi, si mifuko ya plastiki ya PVC mliyotuletea, ambayo bado inanuka. Mwisho, mlipe gharama ya mtaalamu wa kuhifadhi picha atakayekagua zile 14.

Vipande vya kingo mlivyokata, kama bado vipo, tunavitaka pia. Viwili vina maandishi.

Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Wajukuu wa marehemu,
Mji wa Kale, Mombasa.