Barua ya malalamiko: spika sita, sauti mbili

Shangani,
Mtwara.
20 Januari 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Duka la Vifaa vya Sauti,
Kariakoo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: HOM THIETA YA CHANELI 5.1 AMBAYO SI YA CHANELI 5.1

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 14 Novemba 2024 nilinunua kwenu hom thieta mpya kwa Sh. 1,450,000. Nakala ya risiti ya EFD nimeiambatanisha. Mzigo ulikuja kwa basi, nikaupokea stendi ya Mkanaledi kesho yake saa 10 jioni, nikalipa Sh. 25,000 za usafiri. Kwa upande huo sina neno. Boksi limesafiri kilomita zaidi ya 550 na likafika halina hata mkunjo. Ugomvi wangu ni kwa kilichokuwa ndani.

Naomba mfahamu kwanza pesa ile ilitoka wapi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu na nina mikorosho michache. Oktoba ile bei ya mnadani ilipita Sh. 4,000 kwa kilo, jambo ambalo sisi wa Kusini hatukulizoea. Malipo yalipoingia benki mke wangu akataka bati jipya la jikoni. Nikamwomba avumilie mwaka mmoja tu. Kwa hiyo kila mvua inaponyesha nawakumbuka.

Muziki wa roki naupenda tangu nikiwa chuo cha ualimu, enzi za kaseti. Albamu zake nimezijulia kwenye redio ya spika mbili, moja ikikoroma. Mwaka jana mpwa wangu, ambaye ni baharia, aliniletea zawadi ya diski tatu za bendi za roki: The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, In the Court of the Crimson King ya King Crimson, na A Night at the Opera ya Queen, zote zenye miksi ya 5.1. Akaniambia, "Mjomba, hizi usizisikilize kwa hiyo redio yako. Tafuta kitu cha maana." Nikaja kwenu kutafuta kitu cha maana.

Kwa kuwa vijana wenu wa simu walionekana hawajui diski hizi ni nini, nieleze kidogo. Rekodi ya kawaida ina chaneli mbili, kushoto na kulia. Ya 5.1 ina sita, na kila moja imebeba kitu chake: tatu za mbele, mbili za nyuma, na ile ya besi, ambayo ndiyo hiyo "nukta moja". Kuipata hakuhitaji muujiza. Fundi anarudi kwenye mikanda ya mwanzo, ambako ngoma, gitaa na sauti za waimbaji bado zimekaa mbalimbali, anazichanganya upya na kuamua kila kimoja kikae upande gani wa msikilizaji. Mwanamuziki Steven Wilson aliifanyia hivyo albamu ya King Crimson ya 1969, akishirikiana na mpiga gitaa wa bendi hiyo, Robert Fripp mwenyewe, ikatoka 2009. Ya Pink Floyd miksi yake ya 5.1 ilitengenezwa na fundi James Guthrie, ikatoka 2003.

Tena hao Pink Floyd waliwahi mapema. Albamu yao ni ya 1973, na hata wakati huo walikuwa na miksi ya chaneli nne. Zile saa zinazolia kwa pamoja mwanzoni mwa "Time", fundi wao wa kurekodi, Alan Parsons, alizirekodi kwenye duka la saa za kale kwa ajili ya majaribio ya sauti ya chaneli nne. Na ule mlio wa sarafu na mashine ya pesa unaoanzisha "Money" ulikuwa kipande cha mkanda kilichofungwa kitanzi. Baadaye wakautawanya kwenye mikondo minne ili sauti zitembee kuzunguka chumba. Msikilizaji anakaa katikati, sarafu zinampitia bega la kulia, zinakwenda nyuma ya kisogo, zinarudi kushoto. Nimeusubiri mwendo huo tangu niliposoma habari zake kwenye gazeti la zamani nikiwa kijana.

Sasa njooni sebuleni kwangu. Spika sikuziweka ovyo. Nilifunga uzi wa kuvulia samaki kwenye mguu wa kiti changu, nikachukua kipimapembe cha ubaoni (nilipostaafu shule iliniachia), nikazipanga za mbele nyuzi 30 kila upande na za nyuma nyuzi 110. Mke wangu alisimama mlangoni akauliza kama nimeitwa tena kazini. Nikaweka "Money".

Sarafu hazikutembea. Zilimwagika pande zote kwa mpigo mmoja, kama mtu aliyepindua ndoo ya misumari. Nyuma yangu kulikuwa na kilekile kilichokuwa mbele, sauti ndogo kidogo tu.

Nikadhani kosa ni langu. Deki ya Blu-ray nilikuwa nimeiunga kwa zile waya mbili, nyekundu na nyeupe, kwa sababu tundu la HDMI la mashine yenu kumbe ni la kupeleka picha kwenye TV, haliingizi sauti. (Kwenye tangazo lenu limechorwa mshale mkubwa unaoingia. Unaoingia wapi, sijajua mpaka leo.) Nikachomoa waya nyekundu. Spika ya mbele kulia ikanyamaza, na ya nyuma kulia ikanyamaza papo hapo. Nikairudisha, nikachomoa nyeupe: za kushoto zikafa zote mbili. Spika ya nyuma haina chake, inaazima kwa ya mbele.

Nakubali kwamba waya mbili hubeba chaneli mbili. Ndiyo maana sikuwapigia siku hiyo. Nyuma ya mashine kuna tundu lingine, la waya wa mwanga (unaopitisha sauti kwa mwanga badala ya umeme), na kitabu chenu cha maelekezo kinasema hapo ndipo pa kuingizia Dolby na DTS, ile mifumo miwili ya kufunga sauti ya chaneli nyingi kwenye diski. Waya wa namna hiyo haubebi zile miksi nzito za Blu-ray, hilo nalijua, lakini Dolby Digital na DTS za chaneli 5.1 unazibeba vizuri kabisa. Nikautafuta mjini nikaupata kwa Sh. 18,000. Diski ya King Crimson ni DVD na ina DTS. Nikaiweka, nikakaa kitini, nikafumba macho.

Kilichotoka ni mvua. Nasema mvua juu ya bati: shaaaa, mfululizo, kubwa, spika zote. Mke wangu alitoka jikoni mbio kwenda kuanua nguo.

Baadaye nilielewa. DTS inasafiri ikiwa imefungwa kwa namba, na mashine isiyoweza kuifungua huzisoma namba hizo kana kwamba ni muziki, na matokeo yake ni ule mshindo. Nikaingia kwenye mipangilio ya deki, nikaiambia ifungue yenyewe na kutoa PCM, yaani sauti iliyokwisha kufunguliwa. Muziki ukarudi, wa chaneli mbili tu, kwa kuwa deki ilizibana zote sita zikawa mbili kabla ya kuzituma. Kwa maneno mengine, mashine yenu haina ndani yake kitu chochote cha kusimbua, yaani kufungua, Dolby wala DTS. Na nembo hizo mbili zimechapishwa kwenye boksi kwa rangi ya dhahabu, kubwa kuliko jina la mashine yenyewe. Sijui kama wenye nembo wana habari.

Ilibaki rimoti. Ina kitufe kilichoandikwa 5.1. Nikikibonyeza, taa ya mbele inageuka kutoka nyekundu kuwa bluu. Kazi yake ndiyo hiyo.

Nimepiga simu kwenu mara tatu. Mara ya kwanza kijana aliniambia niongeze besi. Mara ya pili mwingine alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu akaniuliza, "Mzee wangu, si sauti inatoka spika zote?" Nikamwambia ndiyo, inatoka. "Sasa shida iko wapi, mzee?" Nilikosa jibu kwa wakati ule, na nimelibeba swali lake tangu siku hiyo. Naomba mmfikishie jibu hili.

Mwanangu, kutoka kote siyo kuzunguka. Mimi hapa Shangani naamka alfajiri kabla ya adhana. Inaanza ya msikiti wa karibu, upande wa dirishani. Sekunde chache baadaye inaanza ya pili, mbali, nyuma ya kichwa. Kisha ya tatu kutoka upande wa bahari, nyembamba, imebebwa na upepo. Niko kitandani, macho nimefumba, na kila moja naweza kuionyesha kwa kidole. Sasa mtu akichukua adhana ya msikiti mmoja akaifungulia spika tano kuzunguka nyumba yangu, itatoka kote, tena kwa nguvu, lakini nitakuwa nasikia msikiti mmoja. Mlichoniuzia ndicho hicho.

Mara ya tatu niliambiwa, kwa kicheko kidogo, kwamba wateja wengine hawajalalamika, na kwamba huo "muziki wa Wazungu" labda ndio una matatizo. Kwa kumbukumbu zenu, mwimbaji wa Queen, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akiitwa Farrokh Bulsara. Ni hapo ng'ambo ya maji tu kutoka dukani kwenu. A Night at the Opera ni ya 1975, na miksi yake ya 5.1 ilitoka 2002. Mle kwenye "Bohemian Rhapsody" waimbaji ni watatu tu lakini walijirekodi juu ya sauti zao mara nyingi sana hadi wakawa kwaya nzima, wengine wananguruma, wengine wanalia kama ndege. Kwaya hiyo kwenye mashine yenu imesongamana kama abiria wa daladala ya Mikindani siku ya gulio. Wote wamo, ila hakuna aliyepata nafasi ya kukaa.

Niseme pia, kwa haki, kwamba mashine ina nguvu na inapiga safi taarabu na singeli. Majirani wanaisifu. Lakini kama nilitaka sabufa, ziko sokoni hapa Mtwara kwa chini ya robo ya bei yenu, na muuzaji wake hasemi uongo; anakwambia hii ni sabufa, inapiga kelele, chukua. Mimi nililipa ziada ya milioni moja kwa ajili ya namba 5.1 na nembo mbili za dhahabu.

Kwa hiyo naomba mfanye moja kati ya haya. Mnirudishie Sh. 1,450,000 pamoja na Sh. 25,000 za basi, na gharama ya kuurudisha mzigo iwe juu yenu. Au mnibadilishie kwa amplifaya yenye tundu la HDMI la kuingiza, inayosimbua Dolby na DTS kweli, na kabla ya kuituma mtu wenu aijaribu kwa diski ya chaneli sita, huku akichomoa spika moja baada ya nyingine na kusikiliza. Kazi hiyo haizidi dakika 10. Fedha za waya wa mwanga sizidai, waya ni mzuri na nitautumia. Tangazo lenu nalo lipo bado, mshale ukiwa palepale. Naomba liondolewe.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, nitaipeleka pamoja na picha za boksi kwa Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa anayouziwa. Fundi wa hapa alitaka kuifungua mashine anionyeshe kilichokosekana ndani, nikamkatalia, hivyo muhuri wa waranti haujaguswa na msije mkauleta kama sababu.

Mashine nimeshairudisha kwenye boksi lake, spika zote sita, waya na kitabu. Iko ukumbini karibu na mlango, tayari kwa yeyote mtakayemtuma, ila asije Ijumaa mchana. Betri mbili za rimoti nimezitoa. Ni zangu, zenu zilikuja zimekwisha.

Wenu,

Mteja, mwalimu mstaafu,
Shangani, Mtwara.