Barua kwa mwanangu anayeanza hatimkato

Mwanangu Neema,

Marahaba, na hapa nyumbani hatujambo. Umeniandikia kwamba hatimkato, huko kuandika kwa alama fupi kwa kasi ya msemaji, inakutoa jasho, na wenzako wanasema somo lenyewe limepitwa na wakati kwa kuwa simu inarekodi kila kitu. Waache waseme. Matangazo ya kazi ya katibu mahsusi serikalini yanadai hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 100 kwa dakika moja. Tena kikao cha saa tatu ukikirekodi, itabidi usikilize saa tatu nyingine kabla hujagusa muhtasari. Kurasa za hatimkato unazipitia kwa jicho na kuokota azimio unalolitaka.

Jambo ninalotaka ulishike ni hili: anayeshindwa imla mara nyingi hashindwi kwa uzito wa mkono, anashindwa kwa kusita. Mkono wowote unaweza kuchora mstari wa milimita nne upesi. Kinachochelewa ni kichwa kinachotafuta umbo la neno. Kwa hiyo usijilazimishe kukimbia. Jifunze maumbo mpaka yaje yenyewe.

Isaac Pitman, mwenye mfumo huu unaojifunza, aliyeutoa Uingereza mwaka 1837, alitaka tuandike sauti, si herufi. Neno la Kiingereza “knee” lina N na irabu tu, ile K haisikiki na haiandikwi. Kwa Kiswahili una nafuu, maana tunaandika karibu kama tunavyotamka. Konsonanti nyingi zinakwenda mbili mbili: p na b, t na d, ch na j, k na g, f na v, th na dh. Umbo ni moja, tofauti ni wembamba na unene. P inashuka kutoka juu kushoto kwenda chini kulia, T inashuka wima, CH inashuka ikielekea kushoto, K inalala kutoka kushoto kwenda kulia. Ukizinenepesha unapata B, D, J na G.

Unene ndio unaowaangusha wengi mwanzoni. Wanakandamiza kalamu mpaka mstari unatokeza upande wa pili wa karatasi, mkono unakaza, kasi inakufa. Mnene maana yake mnene kidogo tu. Kazi kubwa iwe kuufanya mstari mwembamba uwe mwepesi kweli, basi ule mnene utajitofautisha bila nguvu. Ndiyo maana kalamu ya bolpeni haifai: inatoa mstari wa aina moja. Tumia penseli laini, HB au B, uwe na tatu nne zilizochongwa tayari mezani, au kalamu ya wino yenye nibu inayonyumbuka.

Angalia pia pembe. CH inashuka kwa mwinamo wa kama nyuzi 60, na R ya kupanda, ile inayoandikwa kutoka chini kwenda juu, inapanda kwa kama nyuzi 30. Zikiwa zimeungana na herufi nyingine, mwelekeo wa mkono unazitenganisha. Zikisimama peke yake na wewe umeharakisha, zote zinaangukia katikati, na kesho hujui kama uliandika hii au ile. M ni upinde uliofunika, N ni upinde uliofunuka kama bakuli; ukiupinda kwa uvivu unageuka K. Na urefu: mstari wa kawaida ni kama milimita nne, upo wa nusu na upo wa mara mbili, na kila urefu una maana yake. Kasi ikipanda maandishi hutanuka, wa kawaida ukaonekana wa mara mbili. Dawa yake ni kuandika madogo zaidi unapokimbia. Ukubwa si hoja, uwiano ndio hoja.

Sasa irabu. Hizi ni nukta na vistari vinavyowekwa pembeni mwa konsonanti baada ya umbo kukamilika: mwanzoni mwa mstari, katikati au mwishoni. Irabu inayotangulia konsonanti iliyosimama inakaa kushoto kwake, inayofuata inakaa kulia. Lakini kwenye imla huna muda wa kuziweka zote, na hapo ndipo mahali pa neno panapokusaidia. Chukua pata, pete, pita. Konsonanti ni zile zile, P na T. Irabu ya kwanza ikiwa a, umbo linakaa juu ya mstari wa daftari. Ikiwa e, linakaa kwenye mstari. Ikiwa i, linaukata mstari. Mwanafunzi anayeweka maneno yote mahali pamoja amejinyima irabu za bure, halafu analalamika kwamba maandishi yake hayasomeki.

Kiswahili kina mtego wake ambao vitabu vya Kiingereza havitakuonya. Maana yetu inabebwa mwanzoni mwa neno. Amelipa, umelipa, imelipa: konsonanti zote ni m, l, p, na tofauti ya nani kalipa iko kwenye irabu moja ya mbele. Irabu hiyo usiiache. Baya zaidi ni H ya kukanusha. “Atalipa” na “hatalipa” vinatenganishwa na sauti moja, na katika muhtasari wa kikao sauti hiyo inageuza uamuzi juu chini. Kama kitabu chako kina alama fupi ya kiambishi, itumie kila mara. Kama hakina, andika H kamili hata msemaji awe anakwenda mbio kiasi gani. Majina ya watu, ya vijiji na tarakimu ziandike kwa mwandiko wa kawaida, na neno geni liwekee irabu zake.

Kuhusu mazoezi, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni inashinda saa nne za Jumamosi. Chukua kifungu cha maneno kama 100. Kisome, toa maneno yanayokutatiza, tafuta maumbo yake kwenye kamusi ya hatimkato, kisha andika kila moja mstari mzima huku ukilitamka kwa sauti. Kuandika kimya hakufundishi sikio. Halafu mtu akusomee kwa maneno 50 kwa dakika mpaka uandike bila pengo, kisha 60, kisha 70 ambako utaanguka. Ukishaanguka rudi 60, utaiona imekuwa nyepesi. Msomaji naye lazima awe na saa. Kwa 80, weka alama kwenye kifungu kila baada ya maneno 20, na kila alama ifikiwe kwa sekunde 15. Kwa 100, alama iwe kila baada ya maneno 25. Bila hivyo msomaji atakuonea huruma kwenye maneno magumu na utadhani una kasi usiyokuwa nayo.

Kubaki nyuma ya msemaji kwa maneno matatu manne si kosa. Kosa ni kung’ang’ania neno moja. Likikupotea, acha nafasi, ruka uende aliko. Au andika konsonanti mbili za mwanzo upite. Na usifute kamwe: kata kwa mstari mmoja, endelea.

Daftari liwe la kufunguka kwa juu. Chora mstari katikati ya ukurasa ili mkono usisafiri mbali, andika tarehe chini kila siku, na ukimaliza kuchapa kipande kipige mstari wa mshazari.

Nimekuachia mwisho kusoma, kwa sababu ndiko kunakorukwa. Kila ulichoandika kisome kwa sauti siku hiyo hiyo, kisha ukirudie baada ya siku tatu wakati kumbukumbu imeshaondoka. Palipokataa kusomeka ndipo penye ugonjwa, na utakuta ni unene, urefu au mahali pa neno. Rekebisha umbo hilo, liandike mara ishirini.

Na video za kwenye simu ziangalie kwa makini. Nyingi ni za mifumo mingine: Gregg, ambayo haina unene kabisa na hutenganisha T na D kwa urefu, au Teeline ya waandishi wa habari wa Uingereza, inayotokana na herufi za kawaida. Ni mifumo mizuri, ila ukichanganya alama zake na za Pitman hutasoma hata jina lako. Hata Pitman kwa Pitman, kitabu cha New Era cha 1922 na cha Pitman 2000 kilichokuja 1975 havina kanuni zile zile. Shika kimoja, kile anachofundishia mwalimu wako.

Nakutumia vifungu nilivyovirekodi kwa Kiswahili, vya 50 na vya 60, kila kimoja na maandishi yake. Usifungue maandishi kabla hujasoma ya kwako. Ukivimaliza nipigie, nikusomee vya 70.

Mama yako