Barua ya wazi kwa mafundi wa mabango na kadi, Mbeya hadi Mafinga

Wanangu,

Nawaandikia ninyi wa vibanda vya steshenari, Mwanjelwa, Kabwe, Uyole, Makambako mpaka Mafinga, mnaotengeneza kadi za mchango, matangazo ya misiba na mabango ya mikutano ya injili kwa simu ya mkononi. Kipaji mnacho, wala sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni kwamba kazi mnaipima kwenye kioo cha simu zenu, wakati watu hawaisomei hapo. Wanaisomea barabarani, ukutani kwa mtendaji wa kijiji, au kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, juani.

Tuanze na picha, maana huko ndiko kazi nyingi zinakoharibikia. Mteja anakuletea nembo ya kikoba chao kwa WhatsApp. Ikitumwa kama picha, WhatsApp inaibana iwe nyepesi, na ikishapita kundi hadi kundi, kingo za herufi zimeshavurugika. Mwambie mwenye faili ya kwanza aitume kama dokumenti. Kama hana ila skrinishoti, piga hesabu kabla hujapokea hela yake: gawanya pikseli za upana (nukta zinazounda picha) kwa 300, maana inchi moja ya karatasi inataka nukta 300, utapata inchi, zidisha kwa 2.54, utapata sentimita. Picha ya pikseli 1080 inatosha upana wa sentimita 9 tu kwenye karatasi ya kushika mkononi. A4 nzima inataka pikseli 2480 kwa 3508. Kuivuta hakuiongezei kitu, unapanua madoa yaliyokuwepo. Bango la turubai lina nafuu kwa kuwa hakuna anayelisogelea. Pikseli 100 kwa inchi, kwa vipimo vyake halisi, zinatosha kabisa.

Rangi nazo. Ile bluu inayowaka na kijani cha limau mnazozipenda hutoka kwenye mwanga wa kioo, na wino wa kawaida wa rangi nne hauzifikii. Zitatoka zimefubaa, mteja ataona kaibiwa wino. Geuza faili iwe CMYK, yaani mfumo wa hizo rangi nne za wino, kabla hujamwonyesha, na kama programu ya simu haina uwezo huo, mprintie kipande kimoja cha majaribio akione kwa macho yake. Maandishi madogo yawe ya wino mweusi peke yake: ukichanganya rangi zote nne, karatasi ikisogea kidogo tu mashineni kila herufi inaota kivuli. Ongeza milimita 3 za rangi nje ya mstari wa kukatia, na maandishi yakae ndani ya mstari huo kwa milimita 5 au zaidi. Kisu hakipiti palepale kila mara.

Huku kwetu mvua inaanza Novemba na kutuchosha mpaka Aprili na kuendelea. Printa ndogo nyingi zinatumia wino wa maji, kwa hiyo tangazo la Januari lililobandikwa nje halimalizi siku mbili, majina yameshatiririka. La nje liprinti kwa mashine ya tona, yaani wino wa unga. Ukililaminisha, acha ukingo wa plastiki mtupu kuzunguka karatasi. Ukikata palepale karatasi inapoishia, maji yanaingilia ubavuni na kulivimbisha.

Sasa barabara. Daladala iendayo kilomita 50 kwa saa inakula karibu mita 14 kila sekunde. Herufi ya kimo cha sentimita 2.5 inasomeka bila taabu kutoka mita 3. Kwa hiyo mtu aliye mita 30 anahitaji herufi za sentimita 25. Chukua bango lako la upana wa mita 3 uone maneno mangapi yanaenea. Ni machache mno. Wachungaji sita, namba tatu za simu na mistari miwili ya Biblia havisomwi na abiria yeyote wa barabara ya TANZAM. Weka tukio, siku, mahali na namba moja. Mwenye kamati atanung'unika kwamba picha ya mwenyekiti imeachwa. Mwekee kwenye kipeperushi.

Saa zinawaaibisha zaidi kuliko yote. Templeti za mtandaoni zimeandikwa 10:00 AM, nanyi mnaandika «saa 10:00 asubuhi». 10:00 AM ni saa 4 asubuhi. Wageni wengine watafika saa 4, wengine watapiga simu kuuliza, na wachache watakuja jioni. Siku ya wiki nayo iandikwe pamoja na tarehe, ili moja ikikosewa nyingine imshtue msomaji.

Msimbo wa QR usizidishiwe mapambo. Uwe mweusi juu ya nyeupe, wenye nafasi tupu pande zote, na upana wake uwe walau sehemu ya kumi ya umbali wa kuupigia: sentimita 30, basi sentimita 3. Lakini mama wa Tukuyu mwenye kitochi hana cha kuupigia. Andika lipa namba kwa tarakimu, na chini yake jina litakalotokea anapolipa, ajue hajapotea. Picha ikienda status, rudia namba ya simu kwenye maelezo chini ya picha, aweze kuinakili.

Kabla hujaprinti, ipige namba iliyo kwenye bango kwa kuisoma kwenye bango lenyewe, si kwenye ujumbe wa mteja. Ikipokelewa na mtu mwingine, umeokoa kazi nzima.

Na misiba. Simu inaingia saa 5 usiku, familia imechanganyikiwa, nawe unaanza kutafuta fonti. Tengeneza mapema faili lenye nafasi tupu: jina kamili, nyumbani kwake, msiba uko wapi, siku na saa ya mazishi, namba ya msemaji wa familia. Herufi nyeusi, bila waridi wala mishumaa. Majina msomee msemaji kwa simu, herufi kwa herufi, naye akubali ndipo utume.

Mzee wenu,
Uyole