Barua ya wazi kwa vijana wa Amu (Lamu): suala si nani alitangulia

Wanangu wa Mkomani na Langoni, wa Shela na Matondoni, wa Pate, Siyu na Faza, na nyinyi wa bara, wa Kiunga, Witu, Hindi na Mpeketoni,

Assalaam alaykum. Na ambaye salamu yake si hii, namwamkia kwa heshima ile ile.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya maneno ninayoyasikia kila linapotajwa suala la ardhi. Huku wanasema: sisi ni wenyeji tangu azali, hawa warudi kwao. Kule wanajibu: hata nyinyi mlikuja na majahazi, Kenya ni ya wote. Yananitia hofu, kwani tumeshaona yanakofikisha. Juni 2014 zaidi ya watu 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani, na Al-Shabaab waliojitangaza kuhusika walisema ile ni ardhi ya Waislamu iliyotwaliwa na walowezi. Hoja ya barazani ilichukuliwa ikafanywa kisu. Waliozikwa walikuwa wakulima, wachuuzi na watoto wa watu.

Ninachotaka kuwaambia ni hiki: hoja ya nani alitangulia haimfikishi popote yeyote kati yenu, kwa kuwa hakuna watu duniani waliokaa walipo tangu mwanzo.

Anzeni na Takwa, ambayo iko karibu. Mkivuka mkono wa bahari kwenda Manda mtakuta ukuta wa mji, nyumba za mawe, msikiti wa Ijumaa wenye nguzo juu ya kibla, na nje ya ukuta kaburi la mnara lililoandikwa mwaka wa 1094 wa Hijra. Watu waliishi pale karibu karne mbili. Husimuliwa kwamba visima viliingia chumvi. Husimuliwa pia ugomvi na Pate. Mwishoni mwa karne ya 17 wakauacha mji wao wote, wakavuka, na Shela ikawa kwao. Mpaka leo Washela huenda Takwa kuzuru na kuomba mvua kwenye kaburi lile. Je, Mshela ni mgeni wa kisiwa hiki? Hakuna anayethubutu kumwambia hivyo. Lakini wazee wake wanazuriwa ng'ambo ya maji.

Au tazameni Witu. Ahmed Simba, wa ukoo wa Nabahani uliotawala Pate, alishindwa na nguvu za Zanzibar, akahamia bara na kusimamisha usultani mpya msituni. Waliojaza mji ule wengi wao walikuwa watumwa waliotoroka mashamba. Ufalme wa kisiwani uligeuka ufalme wa bara, na raia wapya kabisa. Wajerumani wakauweka chini ya ulinzi wao mwaka 1885, na mwaka 1890 wakawaachia Waingereza, bila wenye mji kuulizwa.

Wamijikenda wanasimulia safari yao kutoka Shungwaya, kaskazini, wakisukumwa na Waoromo hadi wakajificha katika kaya zao, yaani vijiji vyenye maboma ndani ya misitu. Wabajuni nao wanaitaja Shungwaya hiyo hiyo. Hata lugha hii ninayowaandikia, mizizi yake ya Kibantu wataalamu wanaifuatilia hadi mpakani mwa Nigeria na Kamerun, miaka zaidi ya 4,000 nyuma. Na Zanzibar yenyewe iliyotutawala ilikuwa makao ya mfalme wa Oman, Seyyid Said, aliyeivusha enzi yake bahari nzima.

Ulaya haina tofauti. Waangle na Wasaksoni walivuka kutoka pwani za Ujerumani na Denmark za leo katika karne ya 5, wakawakuta kisiwani Uingereza watu wa lugha nyingine, lugha ambayo mtoto wake bado inasemwa Wales. Wahungari waliingia nchi yao kwa kuvuka milima ya Carpathian mwishoni mwa karne ya 9. Waturuki walitoka Asia ya Kati, na ushindi wa Manzikert mwaka 1071 ndio uliowafungulia Anatolia. Na msidhani ni mambo ya kale tu. Mwaka 1945 washindi wa vita waliisogeza Poland nzima kuelekea magharibi: mashariki yake ikachukuliwa na Muungano wa Kisovieti, nayo ikapewa ardhi iliyokuwa ya Ujerumani. Wajerumani wa Breslau walifukuzwa, mji ukaitwa Wrocław, na katika nyumba zile zile wakaingizwa Wapolandi, wengine wao wakiwa wametolewa makwao Lwów, mji wa mashariki ile iliyochukuliwa. Hata sehemu ya maktaba kubwa ya Lwów, Ossolineum, ilihamishiwa huko. Wako wazee hai leo waliofanya safari ile wakiwa watoto.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu hupotoka. Wako wanaosikia haya wakasema: basi, kila mtu alihama, kwa hiyo hakuna mwenye haki ya kulalamika. Hilo silikubali hata kidogo. Kuhama kwa hiari ni jambo moja, kutolewa kwa nguvu ni jambo jingine, na aliyetolewa ana dai hata kama babu wa babu yake alitoka kwingine.

Wakati wa vita vya Shifta, vya Serikali ya Kenya na Wasomali waliotaka kujitenga, 1963 hadi 1967, Wabajuni wa vijiji vya bara upande wa Kiunga walikimbia, wakaacha mashamba, misikiti na makaburi. Wengine waliishia Amu, wengine Malindi na Mombasa, na wengi hawakurudi. Nguvu ya dai lao haimo katika Shungwaya. Imo katika kuwa walifukuzwa na hofu ya bunduki, na waliokuwa watoto siku hizo wangali hai, wanajua mwembe upi ulikuwa wa nani.

Kabla ya hapo kulikuwa na sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908. Ardhi ya pwani ambayo haikudaiwa na kuandikishwa ilihesabiwa kuwa ya Serikali ya kikoloni, na uhuru ulipokuja ikarithiwa na Serikali ya Kenya. Kwa mlango huo ndipo mradi wa makazi wa Mpeketoni ulipopita miaka ya 1970. Mkulima asiye na shamba aliyepewa eneo pale hakumnyang'anya mtu. Alipewa na Serikali. Mwenye hasira aipeleke kwenye sheria hiyo, asimpelekee jirani.

Na Waboni je? Hawa walikuwa wakiwinda na kurina asali katika misitu ya bara kabla ya mashamba yetu kufyekwa. Kama kutangulia ndiko kunakotoa haki, sote tungewapisha, Mwamu, Mbajuni na mlowezi. Mwaka 1976 Boni na Dodori zilitangazwa hifadhi, na mwaka 1977 uwindaji ukapigwa marufuku nchi nzima. Waboni waliamka wakiwa wavunja sheria nyumbani kwao. Wanaogombana kwa sauti kubwa kuhusu uenyeji sijawasikia wakiwataja, na hilo linaniuma kuliko matusi yote mnayorushiana.

Kwa hiyo nawaomba, wanangu. Nyinyi mliozaliwa Mpeketoni na Hindi, hapo ni kwenu, na atakayewaambia mrudi kwenu anasema neno la dhuluma. Lakini mwenzenu wa Kiunga akisema baba yake alifukuzwa, msimjibu kwamba kila mtu alihama. Mwulizeni kijiji kilikuwa wapi. Nyinyi wa visiwani, kaeni na wazee wenu sasa, muandike kisima kilikuwa wapi, msikiti ulijengwa na nani, mipaka ya shamba ilipita kwenye mti gani, nani wamezikwa pale. Mpige picha makaburi. Katiba ya 2010 iliipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inazitambua jamii kuwa wamiliki. Vyombo hivyo vinataka ushahidi. Nyimbo za uenyeji havitazisikiliza.

Na mtakapoitwa kwenye kikao cha ardhi, msiende kila kundi na basi lake. Pitieni kwa Waboni kwanza, muwalipie nauli, na kikao kikifunguliwa muombe wao wapewe nafasi ya mwanzo ya kusema.

Wassalaam,
Mzee wenu, Langoni, Amu