Kolbeki inarudi, skrini haipo

Mambo vipi ndugu yangu,

Ile kodi (code) ya apu yako ya Android uliyonitumia nimeipitia yote, pamoja na swali lako la kwa nini apu inazima simu ikigeuzwa. Kutumia enqueue (inatuma ombi kwa seva bila kusubiri jibu) umefanya la maana, ungeita execute (inayosubiri hapohapo) kwenye thredi kuu, ile inayochora skrini, Android ingeigomea palepale, hiyo ni tangu toleo la 3.0. Kwahiyo apu kuzima mtu akigeuza simu wakati data bado inakuja, shida iko kwingine.

Kolbeki (callback) ni kama kumwachia fundi namba, akimaliza anapiga, we unaendelea na mambo yako. Sasa mtu akigeuza simu, Android inaua ile activity (skrini ya apu) na kutengeneza mpya, ila kolbeki yako bado imeshikilia ile ya zamani, data ikifika inaenda kuandika kwenye view ambayo haipo, binding (kiungo cha kufikia vitu vya kwenye skrini) ni null, yaani tupu, apu chali. Na hata isipozima, skrini iliyokufa inabaki kwenye memori hadi ombi liishe, mtandao ukiwa wa kusuasua ndo balaa.

Unaweza kuikensel ile call (ombi lenyewe) kwenye onDestroyView, inayoitwa skrini ikiondolewa, ila ujue Retrofit (maktaba unayoombea data) ukikensel inakuita onFailure, sehemu ya kolbeki ya ombi likishindikana, kwahiyo angalia kwanza isCanceled la sivyo mtu anaonyeshwa "hakuna mtandao" wakati mtandao upo tele. Mi binafsi naona bora ombi ulihamishie kwenye ViewModel (mtunza data wa skrini), yenyewe haifi simu ikigeuzwa, kolbeki inaandika kwenye LiveData (chombo cha data ambacho skrini inakifuatilia) na skrini yoyote iliyopo inasoma, hakuna kuomba upya na kumalizia watu bando bure.

Halafu humo kwenye onResponse (sehemu ya kolbeki ya jibu likifika) naona unachukua body, yaani data ya jibu, moja kwa moja! Seva ikijibu 404 (kitu hakipo) au 500 (hitilafu ya seva) inakuja hukohuko onResponse, onFailure ni pale jibu halikufika kabisa au limeshindwa kusomeka, kwahiyo anza na isSuccessful. Na ukija kutumia OkHttp (maktaba iliyo chini ya Retrofit) peke yake kolbeki haikurudishi thredi kuu kama Retrofit, weka runOnUiThread mwenyewe.

Coroutines (njia ya Kotlin ya kusubiri jibu bila kolbeki) utazipenda baadaye, usikimbilie, hili la skrini kufa liko nazo pia.

Ile ya kuvuta data apu ikiwa imefungwa, hapo kolbeki haihusiki, tumia WorkManager (mpangaji wa kazi za nyuma wa Android), ila kazi ya kujirudia haishuki chini ya dakika 15 kwahiyo mwambie bosi wako kila dakika moja haiwezekani.

Ukishahamisha nitumie tena nione, hasa hiyo fragment (kipande cha skrini) ya pili, ina kolbeki tatu ndani ya nyingine mpaka macho yanauma.